Washindani wa Historia Kutoka Wamaza

Siku matokeo ya mtihani wa Leta yanapotoka, aliyefaulu humtambui kwa karatasi. Unamtambua kwa poda. Kichwa cheupe, shingo nyeupe, nguo nyeupe hata kama asubuhi zilikuwa za bluu, na nyuma yake mama na shangazi wanapiga vigelegele huku wadogo zake wakikimbia mbele kupeleka habari nyumba kwa nyumba. Ni hivyo Kinshasa, ni hivyo Kindu, na ni hivyo Wamaza, kusini mwa Maniema, katika nchi ya Kasongo na Kabambare.

Sherehe hiyo ni haki yao. Kijana anayepata diploma yake ya D6 huku amepita njia ndefu. Pesa za mtihani zimetoka kwenye mchele, mawese na karanga za wazazi. Kitabu kimoja kimesomwa na darasa zima. Kozi nyingi amezinakili ubaoni kwa mkono, na siku aliyolala na homa ilibidi usiku aazime daftari la mwenzake ili kesho asiachwe nyuma. Siku za mtihani zikikaribia, wengi hupokewa na ndugu wanaokaa karibu na kituo, maana kutoka kijijini kwa miguu alfajiri na kuwahi bahasha zikifunguliwa ni jambo lisilowezekana. Kwa hiyo poda ile haimwagiwi mtu mmoja. Inamwagiwa nyumba nzima.

Katika furaha hiyo, hata hivyo, kuna jambo linalopita bila kusifiwa. Siku ya kwanza ya kikao ni ya maarifa ya jumla, ile ambayo wanafunzi wanaiita culture générale: historia, jiografia, elimu ya uraia. Kabla ya hesabu na kemia, kabla hata ya Kifaransa chenyewe, mtoto anaulizwa kuhusu nchi yake na dunia yake. Mtihani huu wa Leta upo tangu mwaka 1967. Tangu hapo, kila mwaka, vijana kutoka Muanda penye bahari hadi Beni karibu na Uganda hukaa asubuhi moja mbele ya maswali ya historia. Hakuna shindano lingine la historia katika nchi yetu linalokusanya watoto wengi kiasi hicho, nasi hatujawahi kuliita shindano.

Upo pia mchezo wa kujibu kwa haraka, Génies en herbe. Ulizaliwa katika televisheni ya Radio-Canada mwaka 1972, ukaenea katika nchi zinazosoma kwa Kifaransa, na shule za Congo zikaupokea kama wa kwao. Timu mbili zinakaa zikitazamana, mwulizaji anasoma swali, na anayewahi ndiye anayejibu. Shule isiyo na kengele wala taa hugonga meza. Historia haikosi fungu lake: mwaka wa Mkutano wa Berlin, jina la waziri mkuu wa kwanza, tarehe ya uhuru. Msichana wa darasa la tano sekondari akitaja 1885 kabla swali halijaisha, wenzake husimama juu ya madawati, na prefe, mkuu wa shule, aliyekuja na uso wa kazi hujikuta anapiga makofi kuliko wote.

Nawapongeza washindani hawa kwa moyo wangu wote, na kwa sababu hiyohiyo nataka waombwe kikubwa zaidi. Kukumbuka mwaka ni mwanzo tu wa kazi ya historia. Kijana wa kusini mwa Maniema ana kitu ambacho mshindani wa Kinshasa au wa Lubumbashi hana: mambo makubwa ya karne ya 19 yalitokea kwenye njia anazopita kwenda shamba, na sehemu nzuri ya ushahidi wake iliandikwa katika lugha anayozungumza na bibi yake jikoni. Ni nani amemwambia hivyo?

Chukua Kabambare. Mnamo Septemba 1869 David Livingstone, mmisionari na msafiri kutoka Uskoti, alifika mahali alipopaita Bambarre, ndipo Kabambare. Alikaa huko, akitoka na kurudi, hadi Februari 1871. Katikati ya 1870 alitaka kuelekea mto Lualaba, na watu wake karibu wote wakamkatalia. Waliofuatana naye walikuwa watatu, Susi, Chuma na Gardner. Vidonda vya miguu vikamrudisha na kumlaza kwa miezi. Alipopata nafuu alikwenda Nyangwe, soko kubwa la ukingo wa Lualaba, akafika mwishoni mwa Machi 1871. Karatasi zilikuwa zimemwishia. Akawa anaandika juu ya gazeti la zamani la London, The Standard, akipitisha mistari yake juu ya mistari iliyochapwa, kwa wino aliotengeneza kutokana na mbegu za mmea wa nchi ile.

Tarehe 15 Julai 1871 ilikuwa siku ya soko. Watu wenye bunduki, wafuasi wa wafanyabiashara waliotoka pwani, waliwafyatulia risasi waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake. Waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Wengine kwa risasi, wengine walizama Lualaba wakikimbia. Livingstone aliona, akaandika. Habari zake zilipofika Uingereza zilitia nguvu mikono ya wale waliokuwa wanaibana serikali yao imbane Sultani Barghash, na Juni 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa. Kina mama waliouawa kwenye ukingo wa mto wetu waliingia katika sababu za kufungwa kwa soko lililokuwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na ng'ambo ya bara zima. Sijapata kukutana na swali la mtihani linalomtaka mtoto aunganishe mambo hayo mawili.

Na kisa hakikuishia hapo. Wino ule wa mbegu ulififia, gazeti likageuka rangi, maandishi yakawa hayasomeki. Ikapita miaka 140. Mwaka 2011 kundi la watafiti lililoongozwa na Adrian Wisnicki lilipiga kurasa zile picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali, hata ule ambao jicho la binadamu haliuoni, kisha kompyuta ikatenganisha maneno ya Livingstone na maneno ya gazeti. Ndipo ikaonekana kwamba yale aliyoandika Nyangwe siku zile hayalingani kila mahali na kitabu kilichochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake. Mpe mwanafunzi wa Kabambare jambo hili moja tu, na uwe umempa kozi nzima: nani aliona, nani aliandika, lini, nani alipunguza, kwa faida ya nani. Hapo tarehe inakuwa na kazi ya kufanya.

Halafu yuko Tippu Tip. Jina lake Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanyabiashara mzaliwa wa Zanzibar, na katika miaka ya 1870 aliifanya Kasongo kuwa makao yake. Msafiri Stanley alimkuta huku Oktoba 1876, akapatana naye kwa fedha ili amsindikize kutoka Nyangwe kuteremka na mto. Mwaka 1887 Mfalme Léopold II alimfanya gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Alirudi Zanzibar, na huko uzeeni aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, na mwishoni mwa miaka ya 1950 W. H. Whiteley akayatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwenyewe alifariki Zanzibar Juni 1905.

Angalia jambo hilo lilivyo kubwa. Mtaalamu wa Paris au wa Chicago anayetaka kuijua Kasongo ya zamani hana budi ajifunze Kiswahili kwanza, miaka miwili, mitatu. Mtoto wa Wamaza anakifungua kitabu kilekile na kuanza kusoma siku hiyo. Maneno machache ya pwani ya zamani yatamkwamisha, lakini wako wazee wa Kasongo wanaoyajua. Hata hivyo, mtoto huyu anafanya mtihani wake wa historia kwa Kifaransa, kutoka muhtasari unaompa Tippu Tip sentensi tatu, na hakuna aliyemwonyesha kwamba shahidi mkuu wa mji wa jirani alisema kwa lugha ya nyumbani kwao. Katiba yetu ya 2006 inataja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Mashindano ya historia yangekuwa mahali pazuri pa kuionyesha heshima hiyo kwa vitendo.

Lakini akisome kwa macho makali. Tippu Tip anasimulia kama mfanyabiashara aliyeshinda: safari, vita, pembe, bei, mikataba. Waliobeba pembe hizo begani hawasemi. Wabangubangu, Wazimba, Wakusu, Wabuyu, Wagenya na wengine waliokuwa na nchi kabla misafara haijafika hawakuacha kitabu cha namna hiyo. Waliacha nyimbo, majina ya vijito, miiko, mpangilio wa koo, mahali ambapo wazee hawapendi kulima bila kueleza sababu. Mshindani wa kweli wa historia ni yule anayesoma kitabu cha Tippu Tip mchana, kisha jioni anakwenda kumwuliza mzee wa ukoo: ninyi mlikuwa wapi wakati ule?

Mtihani unapenda kuviita vita vya 1892 hadi 1894 vita vya Waarabu, na mtoto anafundishwa aseme kwamba Francis Dhanis, ofisa wa dola ya Léopold, aliwashinda. Haya. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili, na Januari 1894 ikawa zamu ya Kabambare, Rumaliza, mmoja wa wakuu wao, akitoroka kuelekea Tanganyika. Sefu, mtoto wa Tippu Tip, alikuwa amekwisha kuuawa miezi mitatu kabla, Oktoba 1893. Tarehe hizi azijue, sawa. Ila aulizwe pia askari waliopigana pande zote mbili walikuwa watoto wa nani. Aulizwe kuhusu Ngongo Lutete, aliyeacha upande wa Sefu akajiunga na Dhanis pamoja na watu wake, akawa msaada ambao bila yake ni shida kuona jinsi Dhanis angefika Lualaba. Septemba 1893 maofisa wa dola hiyohiyo aliyoisaidia walimpiga risasi. Darasa zima linaweza kujadili mtu huyo mmoja kwa wiki, na mkiniuliza mimi, lingefanya vizuri.

Kuna jambo la Kasongo ambalo watoto wa Ubelgiji wanaweza kulijua kabla ya watoto wa Kasongo. Wabelgiji wawili, Luteni Lippens na Sajini De Bruyne, walikuwa wakaaji na kisha mateka mjini wakati vita vilipoanza. Mwishoni mwa 1892 De Bruyne alipelekwa hadi ukingo wa mto Lomami ili azungumze na maofisa wenzake waliokuwa ng'ambo. Wakamwambia avuke, watamlinda. Akakataa kumwacha mkuu wake mgonjwa, akarudi Kasongo, na Desemba wote wawili wakauawa. Mji wa Blankenberge, kwenye pwani ya Ubelgiji, ukawajengea mnara mwaka 1900, na upo hadi leo mbele ya bahari. Watalii hupita wakisoma jina la Kongo wakiwa na aiskrimu mkononi. Ujasiri wa De Bruyne haukatai mtu. Lakini waliokufa Kasongo katika miaka hiyo walikuwa wengi sana kuliko wawili, na kijana wa huku anaweza kuandika insha nzuri kabisa kwa kuuliza ni nani hujengewa mnara, na mahali gani.

Barua nazo zipo. Wakuu wa Kasongo, Nyangwe na Kisangani waliandikiana, na waliwaandikia maofisa wa Leopold, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Nyingi zilichukuliwa vitani, zikakaa Ubelgiji katika makabati. Xavier Luffin, mwalimu wa Kiarabu katika Chuo Kikuu Huru cha Brussels, amezisoma, akazifasiri na kuzitoa katika kitabu mwaka 2020. Ardhini nako watu wamechimba: Noemie Arazi na wenzake, wakiwemo watafiti Wakongo, walifanya uchimbuzi na kukusanya masimulizi ya wazee Kasongo na Tongoni, mahali pa mji wa zamani. Yaani kazi inaendelea sasa hivi, katika maisha ya watoto hawa. Historia ya Maniema haijafungwa kwenye kitabu kilichopigwa chapa zamani. Kuna watu wanaoipanga upya, na nafasi bado ziko.

Naweza kuendelea. Novemba 1898 askari wa Dhanis mwenyewe waliokuwa wameasi, Watetela wengi kati yao, waliiteka Kabambare, wakaishika hadi mwisho wa mwaka. Hilo ni tukio ambalo kwa nchi nyingine lingekuwa na sikukuu. Huku lina mstari mmoja, tena kwa mwalimu aliyebahatika kuwa na kitabu.

Na shule yenyewe ina historia yake, ambayo ni vizuri washindani wetu waijue kabla ya kuvaa poda. Kasongo ilikuwa na watu wanaosoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu kabla hakujafunguliwa darasa hata moja la kikoloni. Utawala wa Kibelgiji ulipokuja uliikabidhi elimu kwa misheni, za Kikatoliki hasa, na kwa familia za Kiislamu za Kasongo, Nyangwe na vijiji vinavyozunguka, kumpeleka mtoto shule kulimaanisha kumpeleka kwenye dini nyingine. Wengi walikataa. Wamisionari nao walifanya kazi ambayo matunda yake tunayaona, shule na hospitali ambazo mpaka leo ni mgongo wa mkoa. Lakini ni mwaka 1954 tu, chini ya waziri Auguste Buisseret, ambapo serikali ilianza kufungua shule zake zisizo za dini kwa watoto Wakongo, ikiwa imebaki miaka sita tu kabla ya uhuru. Mtoto wa Kiislamu wa kusini mwa Maniema anayeshinda shindano la historia leo, tena akiwa benchi moja na mtoto wa katekista, analipa deni ambalo babu yake hakupewa nafasi ya kulilipa. Kwa sababu hiyo mimi siwezi kuiona timu ya shule ya huku ikisimama jukwaani nikabaki nimekaa.

Nchi nyingine zimefanyaje? Mwaka 1974, katika mji wa Cleveland, mwalimu wa chuo kikuu David Van Tassel alichoshwa na historia ya kukariri. Akaanzisha shindano ambamo mwanafunzi anachagua jambo lake, anatafuta ushahidi wake, kisha analeta insha, maonyesho, mchezo wa kuigiza au filamu. Leo linaitwa National History Day, zaidi ya wanafunzi nusu milioni hushiriki kila mwaka, na fainali huwa Juni katika Chuo Kikuu cha Maryland. Ujerumani ilikuwa imetangulia kwa mwaka mmoja: 1973 Rais Gustav Heinemann na mfanyabiashara Kurt Körber walianzisha shindano la kutafuta historia ya mahali unapokaa, mtaa wako, kiwanda chenu, kaburi la kijiji. Vijana wa Ujerumani waliotumwa kuwauliza babu zao kuhusu utawala wa Hitler walirudi na majibu ambayo watu wazima walikuwa wameyaficha. Kuna wazee waliokasirika. Shindano liliendelea.

Kwa upande wetu, tangu Julai 2022 Congo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya hiyo ina shindano lake la insha kwa wanafunzi wa sekondari. SADC, ambayo Congo imo tangu 1997, ina lake pia. Mada zao huwa za biashara, ushirikiano, miundombinu, si historia moja kwa moja. Lakini ni nani atakayeandika vizuri zaidi kuhusu biashara kati ya Congo na pwani ya Bahari ya Hindi kuliko mtoto wa Kasongo? Njia ya Ujiji, Kabambare, Kasongo, Nyangwe ilikuwa inafanya kazi kabla ya mpaka kuchorwa. Ilipitisha vitambaa, shanga, chumvi na mpunga. Ilipitisha pia watu waliofungwa shingo. Insha inayotaja yote mawili ndiyo ningeipa tuzo.

Wanaotunga maswali na wanaopanga mashindano katika Maniema ya 2, jimbo la elimu lenye makao Kasongo, wanaweza kuanza na kidogo. Si lazima kusubiri Kinshasa. Katika kila shindano la Génies en herbe kuwe na swali moja ambalo jibu lake haliwezi kukaririwa: timu iambiwe mwezi mmoja kabla ilete ushahidi wa jambo la mahali pake. Wimbo, jina la mto, barua ya zamani ya familia, simulizi la mzee aliyekubali kunukuliwa, kila kimoja na maelezo: umekipata kwa nani, yeye alikipata kwa nani, na ni nani anayesimulia tofauti. Majaji wawe mwalimu wa historia na mzee mmoja wa kila upande wa mto Luama. Lugha iwe ile mwanafunzi anayoiweza. Gharama yake ni daftari na muda, na kitabu cha Tippu Tip kikipatikana nakala chache kiwe zawadi, badala ya fulana.

Kuna watakaosema ni hatari, nami nawaelewa. Huku kuna familia ambazo babu zao walikamata na familia ambazo babu zao walikamatwa, na mara nyingi ni familia hizohizo zilizooana. Kuna matusi ya zamani ambayo mtu akilewa huyatoa. Tumepita vita vya karibu pia, vya 1996 na vilivyofuata 1998, vikundi vya silaha, vijiji vilivyohamishwa karibu na dhahabu ya Namoya, na yaliyofanyika bado yana wenyewe. Mwalimu anayeingiza mambo haya darasani bila maandalizi anaweza kuwasha moto. Hata hivyo mtoto huyasikia tu, kisimani, msikitini, kanisani, kwenye matanga, na anayasikia upande mmoja. Darasani angalau yuko mtu wa kumwuliza: umejuaje? Swali hilo halimdhalilishi mtu wa ukoo wowote. Linawaweka wote kwenye benchi moja.

Nimeona pia kwamba wasichana ndio watakaofaidika kwanza na mabadiliko haya. Katika mchezo wa kuwahi, anayezoea kunyamaza mbele ya wanaume hushindwa hata akiwa na jibu. Katika kazi ya kukusanya masimulizi, yeye ana mlango ambao kaka yake hana. Bibi hamwelezi mjukuu wa kiume jinsi mama yake alivyoolewa, nani alitoka wapi na kwa nini ukoo fulani haupewi chumvi kwa mkono. Mjukuu wa kike ataambiwa wakitwanga mpunga.

Muda wa kuanza ni likizo kubwa inayokuja, na kazi ya kwanza iwe mwaka 1964. Julai ya mwaka ule waasi wa Simba, chini ya Gaston Soumialot, waliingia Kindu, na kusini kote mwa Maniema kukabadilika mikono: Kasongo, Kabambare, vijiji vya porini, misheni. Watu waliishi msituni kwa miezi, wengine kwa miaka. Aliyekuwa na umri wa miaka 10 wakati ule, akikumbuka vizuri sauti ya lori la kwanza na jina la aliyelipanda, sasa amepita miaka 70. Wapo Wamaza, wapo Kabambare, wanakaa barazani kila jioni. Prefe anaweza kugawa darasa la sita watu wawiliwawili, kila jozi mzee wake, daftari moja na maswali kumi yaliyokubaliwa, na ifikapo Septemba shule iwe na kumbukumbu ambayo hakuna maktaba ya Brussels wala ya Kinshasa inayo nakala yake.